Filimbi ya Kocha Wetu

Juzi bwana mmoja aliingia kwenye duka la kuchapa fulana ninapofanyia kazi, hapa Bigwa. Alitaka fulana za kuwagawia watu, za kumkumbuka kocha wetu wa netiboli, aliyefariki akiwa bado kijana.

"Picha ya kocha iweke nyuma, yangu mbele," alisema, akijigusa kifua.

"Shikamoo. Kumbe mlifahamiana?" nikamuuliza. Nilifundishwa na kocha mpaka nilipoacha shule, na mtu huyu sikuwahi kumwona uwanjani.

"Marahaba. Sana, binti! Filimbi yake bado naisikia masikioni." Akafuta jicho kavu.

Kocha alikuwa na ugonjwa wa kifua, ndio uliomuua. Hakupuliza filimbi hata siku moja. Alituita kwa makofi.

Nikapiga makofi matatu, taratibu, kama yake. Dada mmoja aliyekuwa anasubiri fulana zake, mchezaji mwenzetu wa zamani, akasimama wima, machozi yakimlenga. Naye akapiga.

Yule bwana akainama kidogo, akatabasamu. "Asanteni sana, wanangu."

Basi wasomaji, akija kuwagawia fulana, mwulizeni kwanza kocha alituitaje uwanjani.