Mchezaji Bora Apigiliwe Msumari

Mpira wa magongo uliletwa kwenye shule yetu ya wasichana, mjini Garissa, na mwalimu wa michezo aliyetoka upande tuliouita Kenya, kana kwamba sisi tulikuwa nchi nyingine. Alikuja na gunia la magongo ya zamani na ari ya kutosha timu mbili. Uwanja wetu ulikuwa mchanga mtupu. Unaupiga mpira, unazama, unaufukua, unaupiga tena. Tulikimbia na sketi ndefu na mitandio, tukicheka kuliko tulivyocheza. Mimi nilijitolea kuwa golikipa kwa sababu goli la upande wa mashariki lilikuwa na kivuli cha mgunga, na mpaka leo sijasikia sababu bora zaidi ya kuchagua nafasi uwanjani.

Kisha ikaja ile mvua kubwa ya miaka ya tisini, ambayo redio iliiita El Niño. Mto Tana ulivimba ukavuka kingo zake, na barabara ya kwetu ikawa ziwa. Shule ilipofungwa, wenye kwao karibu waliondoka kwa miguu, viatu mkononi. Mwalimu wa michezo alikuwa ameshapanda basi la mwisho na ufunguo wa stoo mfukoni, magongo yakiwa ndani. Bwenini tulibaki wasichana wanne na matroni, na mpishi jikoni.

Mimi nilikuwa wa Wajir. Mwenzangu mmoja alikuwa Mborana kutoka malisho ya huko huko Wajir, msichana mpole aliyefikiri kwanza kabla hata ya kuomba chumvi. Wa tatu alikuwa wa Garissa kwenyewe, lakini nyumba yao ilikuwa ng'ambo ya maji. Huyu alikuwa bingwa wa mijadala shuleni, na hata akiomba ndoo alianza na "Mheshimiwa mwenyekiti." Wa nne alikuwa binti wa askari polisi kutoka Kakamega. Babake alipelekwa kwenye kituo cha mbali mvua ilipoanza, akamwacha mikononi mwa matroni. Ndiye pekee kati yetu aliyejua mpira wa magongo tangu utotoni, na ndiye pekee asiyejua Kisomali, kwa hiyo kila kitu tulikifanya kwa Kiswahili, kila mtu na Kiswahili chake.

Siku ya tatu ya kutazama mvua dirishani, binti wa askari alisema, "Kama hatuwezi kwenda uwanjani, uwanja uje hapa."

Alichora uwanja kwa chaki juu ya meza ya bwalo. Magoli yalikuwa maganda ya kiberiti. Wachezaji walikuwa vifuniko vya soda, ambavyo nyuma ya kantini vilikuwa vingi kama kokoto. Mpira ulikuwa punje ya haragwe, na gongo lilikuwa penseli: unamsukuma mchezaji wako mara moja, naye akiligonga haragwe, limekwenda. Kisha zamu ya mwenzako. Kila mmoja alichagua timu. Mimi nilichukua Wajir, bila shaka. Bingwa wa mijadala akachukua Garissa. Mborana akachukua Modogashe, kwa sababu mjomba wake aliuza chai pale njia panda. Binti wa askari akachukua Kotile. Hakuwahi kufika Kotile. Alipenda tu jina linavyotamkwa.

Mnaweza kucheka, lakini baada ya wiki moja vile havikuwa vifuniko tena. Vilikuwa watu. Tuliwajua tabia zao. Tulijua nani anaogopa mechi kubwa. Nilikuwa sijapata habari za nyumbani, wala za mbuzi, wala za nyanya yangu, na kila redio ilipotaja Wajir tuliacha uji upoe tukasikiliza. Redio ikinyamaza, tulirudi mezani. Pale angalau tulijua matokeo.

Ligi ilipokwisha, Garissa ikachukua ubingwa, na mwenye Garissa akatoa hoja kwamba lazima achaguliwe mchezaji bora. Ndipo vurugu ilipoanza.

Kulikuwa na wagombea wanne, kwa sababu kila mmoja wetu alileta wake. Garissa ilimleta mshambuliaji wake, kifuniko cha soda ya machungwa, kipya, kinachong'aa, aliyefunga mabao mengi kuliko wote. Kotile ilimleta golikipa wake, ambaye alikuwa vifuniko viwili vilivyogandishwa kwa chingamu, mzito kama jiwe. Modogashe ilimleta beki aliyekuwa amekanyagwa na lori mpaka akawa bapa kama chapati. Nami nilimleta kiungo wangu, aliyebonyea upande mmoja. Ukimsukuma kulia aliweza kwenda kushoto. Alikuwa amewafunga wengine mabao matamu sana, na mawili matatu alitufunga sisi wenyewe.

Tulimwomba matroni awe mwenyekiti. Alikuwa mama wa makamo, mwenye sauti ya kuita ngamia, na sisi Wasomali tulimwita eedo, yaani shangazi. Alikaa mwisho wa meza akipepeta mchele.

"Zungumzeni bole bole," alisema, maana P kwake ilikuwa B. "Mmoja mmoja. Na msinibigie kelele."

Bingwa wa mijadala alisimama juu ya benchi. "Mheshimiwa mwenyekiti, mabibi na mabibi! Mpira ni mabao. Nani anakumbuka mechi ya suluhu? Mtu akiuliza nani alishinda, anauliza nani alifunga. Mshambuliaji wangu amefunga kuliko timu nzima ya Wajir!"

"Hiyo ni kwa sababu Wajir wanajifunga wenyewe," alisema binti wa askari.

"Abaayo, niache," nilimwambia. Abaayo ni dada, lakini nililisema kwa sauti isiyo ya udada.

Binti wa askari alimtetea golikipa wake kwa ufundi. Alisema golikipa ndiye peke yake asiyeruhusiwa kukosea. Mshambuliaji akikosa atapata nafasi nyingine, golikipa akikosa kila mtu anaona. Alisema vizuri, na mimi kama golikipa wa kivulini niliguswa. Lakini bingwa wa mijadala alinyanyua mkono.

"Hoja ya nidhamu! Huyo ni mchezaji mmoja au wawili?"

"Ni mmoja."

"Ana migongo miwili!"

"Ni mnene tu. Unamcheka mtu kwa unene?"

Matroni aliacha kupepeta mchele. Alimchukua golikipa, akampima kiganjani, akainusa ile chingamu. "Huyu ni mmoja," aliamua, "lakini ameoa."

Ilichukua muda kurudi kwenye mjadala.

Zamu yangu ilipofika nilisema kwamba kiungo wangu ndiye aliyewafanya watu wasimame kutazama. Wengine ukiwasukuma unajua watakapofika. Huyu wangu, hata mwenyewe hajui. Je, mchezo si furaha? Matroni aliuliza, "Ana adabu?" Nilijibu kwamba anajitahidi. Alitikisa kichwa kama anayesikia ripoti ya mtoto wa jirani.

Mborana alizungumza mwisho, akiwa amekaa. "Kwetu ngamia dume akipita watu wanamsifu," alisema. "Shingo, rangi, mwendo. Lakini siku ya kuhama, mama yangu hamuulizii huyo. Anauliza: ngamia wa mizigo yuko wapi? Beki wangu hajafunga hata bao moja. Mtoeni Modogashe, mwone nani atabaki amesimama."

"Lakini Modogashe ilishika mkia!" alilia bingwa wa mijadala.

"Bila yeye," alijibu mwenzake, "ingeshika nini?"

Hapo tuligawanyika kabisa. Mmoja anasema bora ni anayeng'aa, mwingine anasema bora ni yule akiondoka nyumba inaanguka. Tulipaza sauti hadi mpishi akachungulia kuona nani ameumwa na nge. Nilimwambia binti wa askari mambo kuhusu Kotile ambayo sikuyajua hata kidogo. Mwishowe matroni akainuka kwenda kuswali alasiri, akasema kura ni kesho. Kabla hatujatawanyika, binti wa askari akaongeza jambo moja: mshindi atapigiliwa msumari kwenye mlango wa bweni, ili wenzetu wakirudi wamwone. Tulipiga makofi sote. Ilikuwa heshima kubwa.

Asubuhi, tukinywa uji, Mborana aliweka kijiko chini.

"Nimefikiri," alisema. "Mtu aliyepigiliwa msumari mlangoni anachezaje ligi ya pili?"

Tulitazamana. Hakuna aliyekuwa amewaza hivyo. Msumari unatoboa katikati, na mlango hauji mezani. Tuliyekuwa tukimpigania awe bora tungempoteza.

Kikao cha pili kilikuwa cha ajabu kuliko vyote nilivyowahi kuhudhuria, na baadaye maishani nimehudhuria vingi. Binti wa askari alisimama, akakohoa, akasema amelala akimtafakari beki wa Modogashe, na kwa kweli, wallahi, hakuna kama yeye. Alikuwa amejifunza kusema wallahi kwetu, na alilitumia vizuri sana. Mborana alishukuru kwa upole, akasema beki wake bado mchanga, lakini golikipa wa Kotile, yule mwenye ndoa yake, ni mfano kwa vijana. Mimi nilitangaza hadharani kwamba kiungo wangu hana adabu, ametufunga wenyewe mara nyingi, hafai kabisa kuwekwa mlangoni pa wasichana.

"Jana alikuwa furaha ya mchezo," alisema matroni.

"Eedo, jana nilikuwa sijamjua vizuri."

Tulimgeukia bingwa wa mijadala, tukingoja naye amkane wake. Alikuwa amemshika yule mshambuliaji wa machungwa, akimsugua kwa ncha ya mtandio.

"Mimi sibadilishi," alisema. Safari hii hakupanda benchi wala hakumwita mwenyekiti. "Ni bora. Jana alikuwa bora na leo ni bora. Kama bei yake ni msumari, basi."

"Utacheza na nani?" nilimuuliza.

"Na watakaobaki."

Sikutegemea kuona haya, lakini niliona. Nadhani sote tuliona. Matroni akasema, "Bigeni kura." Mikono yote ilikwenda kwa mshambuliaji wa Garissa, na wa matroni pia, ambaye hakuwa na haki ya kupiga kura wala hakuna aliyethubutu kumwambia.

Msumari tuliung'oa kwenye kasha la sabuni. Nyundo ilikuwa jiwe. Bingwa wa mijadala alikataa mtu mwingine asipige. Pigo la kwanza msumari ulipinda, akaunyoosha katikati ya nondo za lango, akarudi. Alipiga akitazama pembeni, kama mtu anayedungwa sindano. Kifuniko kilipokaa sawa mlangoni, tulishangilia, naye akashangilia nasi. Halafu akaenda kunawa uso na akakaa huko bombani muda mrefu kuliko uso unavyohitaji.

Ligi ya pili ilianza kesho yake. Sote tulijua Garissa imekwisha. Nilimwonea huruma hata nikapanga kumwachia bao moja. Sikupata nafasi ya ukarimu huo. Mwanzoni walihangaika. Kisha ikatokea kwamba wale vifuniko wengine wa Garissa, ambao msimu mzima walikuwa wakimwekea haragwe mshambuliaji, sasa walipiga wenyewe. Kutoka kushoto, kutoka nyuma, kutoka popote. Ulikuwa humzuii mmoja, unawazuia wote. Walitufunga sisi, wakaifunga Kotile, wakampita hata yule beki bapa wa Modogashe. Wakawa mabingwa tena, kwa ushindi mkubwa kuliko wa kwanza.

Binti wa askari alikunja mikono. "Kwa hiyo mchezaji bora hakuwa na faida yoyote," alisema. "Amekwenda, na timu imepona."

Tulitegemea hotuba. Bingwa wa mijadala aliitazama meza, akawakusanya wachezaji wake mmoja mmoja, akawapanga kwenye kopo.

"Aliwafundisha," alisema.

Hatukumpinga. Hoja ilikuwa dhaifu, na mwalimu yeyote wa mijadala angeipasua kwa dakika moja. Lakini alikuwa amelipa.

Mvua ilipopungua na barabara ikaanza kushika, malori yalijaribu kupita. Mimi na Mborana tulipata nafasi juu ya lori la unga lililokwenda Wajir. Matroni alitufungia sambusa kwenye gazeti na kutusomea dua ndefu. Bingwa wa mijadala alituaga kwa Kiswahili cha bunge, akakatika katikati, akatukumbatia tu. Binti wa askari alitupungia mpaka lori likapinda. Babake alihamishwa muda mfupi baadaye, na sikumwona tena.

Tulikwama mara nyingi njiani. Modogashe tulimkuta mjomba wa mwenzangu, salama, akiuza chai chini ya turubai lililobaki. Alitupa habari: mbuzi wengi wamekufa, lakini watu wa nyumbani kwetu sote wawili wapo. Mwenzangu aliinamisha kichwa kwenye kikombe chake. Mimi niliongea sana, kama ninavyofanya nikipata afueni, na kwa vile sikutaka kulia mbele za watu, nilimsimulia mama mzee tuliyesafiri naye habari yote ya ligi: Garissa, Kotile, mjadala, kura, mshambuliaji aliyefunga mabao mengi akaishia mlangoni.

Alinisikiliza kwa makini, akikoroga chai.

"Huyo kijana," aliniuliza, "ni wa ukoo gani?"

"Mama, ni kifuniko cha soda."

Alinywa kidogo, akafikiri.

"Haye, sawa," alisema. "Na wazazi wake wamejulishwa?"