Mweke Benchi

Makocha ambao Mzee Benchi amewaona wakija na kuondoka ni wengi mno, na kila mmoja alimpunguzia hamu ya kumwona anayefuata. Yupo aliyekuja na suti nyeusi akawa anaivaa juani, mpaka msimu ukaisha na yeye kakonda. Yupo aliyetoka ng'ambo na mkalimani wake. Siku ya kwanza aliwahutubia waandishi kwa muda mrefu, mikono inaruka, mate yanaruka, na mkalimani akageuka kwa utulivu akasema, "Amesema tukabe." Yupo mchezaji wa zamani wa timu hiyohiyo, aliyebebwa mabegani alipotambulishwa, kisha kabla msimu wa mvua haujabadilika akatolewa kwa mlango wa nyuma, koti kichwani.

"Kocha ni mpangaji," Mzee Benchi husema huku akipuliza nywele kwenye meno ya mashine. "Anaingia, anapaka sebule rangi aipendayo yeye, haijakauka keshahama. Mwenye nyumba ni yuleyule, na paa linavuja palepale."

Mwenye nyumba ni mwenyekiti wa timu. Huyo hahami.

Mzee Benchi ni kinyozi. Chumba chake cha kazi kina viti viwili vya kuzunguka, kimoja kimekatika egemeo, na kioo kirefu chenye ufa pembeni, unaompa kila mteja sikio moja la ziada. Ukutani limeegemea benchi la mbao, na hapo hukaa watu ambao hawajaja kunyolewa. Wengine hata nywele hawana. Wamekuja kuizungumzia timu. Mgeni akisikia jina la kinyozi hudhani limetokana na benchi hilo, kumbe limetoka uwanjani. Huko jukwaani, kwa miaka mingi, Mzee huyu alikuwa na dawa moja ya kila ugonjwa. Mshambuliaji kakosa bao? "Mweke benchi!" Kipa kapangua mpira ukamrudia adui mguuni? "Mweke benchi!" Siku moja alimpigia kelele hiyo mwamuzi wa pembeni, na jukwaa zima likacheka mpaka mwamuzi mwenyewe akatabasamu.

Lakini waliomkera kuliko wote walikuwa mabeki wa kushoto. Kwa nini, hata mwenyewe hajui. Mtu akivaa namba tatu tu, Mzee Benchi alikuwa tayari kashakasirika. Na ni yeye, kwa kinywa chake, aliyemtungia wimbo beki mmoja wa zamani aliyekuwa akipitwa na mawinga kama kwamba wamelipa kiingilio: "Mlango wazi! Pita baba, pita!" Makofi mawili, kisha tena. Wimbo ulikaa vizuri mdomoni. Yule beki aliondoka, wimbo ukabaki, na kila aliyeirithi namba tatu akaurithi nao.

Mkuki kwa nguruwe. Siku ikafika binti yake, kitinda mimba, akaleta mchumba nyumbani. Mzee alitoka chumbani akifunga kifungo cha mwisho cha shati, akamwona kijana aliyeketi sebuleni kati ya wajomba waliomsindikiza, naye akakaa kabla ya kukaribisha mtu. Kaka wa mkewe akamwinamia sikioni.

"Shemeji, huyu si ndiye Mlango?"

"Nyamaza."

"Namba tatu wetu!"

"Nimekwambia nyamaza."

Kijana akasema, "Shikamoo, baba." Marahaba ikachelewa kidogo, lakini ikatoka. Angemkatalia kwa lipi? Kijana alikuwa na adabu, alikuwa na kazi, na binti alikuwa anamtazama kama mtu aliyekwisha kuamua. Kosa lake lililojulikana lilikuwa kupitwa na winga mmoja mwembamba katika mechi ya watani, na hilo halimo katika sababu za kumnyima mtu mke.

Tangu hapo mdomo wa Mzee Benchi ukashonwa. Mkwe ni mkwe. Humfokei mbele ya watu watatu, sembuse mbele ya uwanja mzima. Aliendelea kwenda mechini, akakaa palepale na rafiki yake wa utotoni, muuza nyama ambaye wote humwita Bucha. Wimbo ulipoanza kumwandama mkwe wake, Bucha alitazama viatu vyake, na Mzee akatazama mawingu. Mara moja tu Bucha alisema taratibu, "Mchuma janga hula na wa kwao." Hakurudia.

Ndivyo miaka ilivyokwenda, na msimu huu ndio uliomchosha kabisa. Timu ilikuwa mkiani. Kocha wa kwanza aliondoka, wa pili akaondoka, na wa tatu alikuwa mtu wa kutafuna kijiti cha meno mwanzo wa mechi hadi mwisho, kama aliyekuja kusubiri basi. Wachezaji walikimbia wakiwa wamekata tamaa, na mashabiki walizomea vivyo hivyo, kwa mazoea tu. Mzee Benchi alikuwa anarudi nyumbani miguu mizito, anavua viatu, mkewe anamtazama usoni na kupunguza sauti ya redio bila kuuliza matokeo. Sasa imebaki mechi moja. Wakishinda, wanabaki. Wakitoka sare au wakifungwa, wanashuka daraja.

Katika wiki hiyo ya mwisho binti yake alimjia kazini asubuhi, benchi bado tupu, mtoto amelala mgongoni.

"Baba, goti lake limekwisha," alisema kabla hajakaa. "Daktari kasema apumzike. Akilazimisha atakuwa mtu wa kuchechemea maisha yake yote. Na kocha anataka achomwe sindano ya ganzi, acheze."

"Mwenyewe anasemaje?"

"Anataka kucheza. Nimesema mpaka nimechoka. Zungumza naye wewe."

"Mimi? Mimi ni kinyozi, mwanangu. Anisikilize kwa lipi?"

Binti alimtazama. Alikuwa na macho ya mtu aliyekesha na maneno.

"Anadhani hujawahi kumkubali. Anataka uone siku moja akiziba. Wimbo ule anajua ni wako, baba. Alijua hata kabla hajaja kwetu."

"Nani kamwambia?"

"Jukwaa zima linajua."

Alipoondoka, Mzee Benchi alichukua ufagio akafagia sakafu ambayo haikuwa na unywele hata mmoja. Aliona aibu, na aibu ilikuwa kubwa. Lakini hebu tuseme kweli kama ilivyokuwa: aibu haikumwondolea hamu. Alitaka kijana acheze. Winga wa timu ile ya Jumamosi alikuwa na mbio za kuogofya, na hakuna aliyejua kumkaba ila huyo mkwe. Ambaye angeingia badala yake alikuwa kijana mbichi anayeshtuka hata akipigiwa makofi. Mzee alijua hayo kama alivyojua kichwa cha kila mteja wake. Sindano moja tu, alijiambia. Dakika tisini tu. Wangapi wamechomwa na leo wanatembea? Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na goti la mwenzio pia. Kwenye timu hii baba yake alimleta akiwa amembeba shingoni. Haijawahi kushuka. Kwa nini ishuke yeye akiwa hai?

Siku tatu nzima alibeba maneno mawili mdomoni bila kujua atatoa lipi. Wateja walimuuliza maoni yake, akajibu "Tutaona," na benchi zima likaona kweli huyu mzee anaumwa.

Mkwe alikuja mwenyewe, mchana wa kuamkia mechi, wakati wa joto ambapo watu hawapiti. Mzee alimwona kwenye kioo kabla hajageuka. Kijana alifika kwenye ngazi ya mlangoni, akaweka mkono ukutani, akaupandisha mguu mzima kwanza, kisha akauvuta ule mwingine. Alipoinua uso tayari alikuwa anatabasamu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Karibu kiti."

Alimfunga kitambaa shingoni, akakikung'uta, akawasha mashine.

"Nyoa zote, baba. Kesho nataka kuwa mwepesi."

"Uzito wako hauko kwenye nywele."

Walicheka kidogo. Mkwe na baba mkwe hawajazoea kutazamana usoni, ila kwenye kioo ni rahisi zaidi, kila mtu anajifanya anajitazama mwenyewe. Nywele zikaanza kudondoka begani. Mzee aliona utosini zimeshapungua, na nyuma ya sikio kuna kovu la kiwiko cha mtu. Aliikumbuka mechi ile. Aliikumbuka kwa sababu siku hiyo nayo wimbo uliimbwa, huku kijana akifungwa bandeji.

"Kocha anasemaje?"

"Anasema niamue mwenyewe."

"Makocha hawa!" Hasira ya zamani ilimpanda, ikamletea nafuu. "Mkishinda, yeye ndiye aliyekupanga. Ukivunjika, wewe ndiye uliyeamua. Ndiyo kazi wanayolipwa?"

Mashine ikaenda, ikarudi. Kisha kijana akasema, akimtazama yule wa kwenye kioo:

"Baba, wewe una la kusema juu ya kila mchezaji. Watu wanakuja hapa kukusikiliza. Mimi tu ndiye hujawahi kunisema, hata kwa ubaya. Miaka yote hii. Leo nakuuliza. Nicheze, nisicheze?"

Mzee Benchi alizima mashine. Maisha yake yote alikuwa amewashauri wachezaji na makocha kwa sauti ya juu kabisa, na hakuna hata mmoja aliyegeuka kumsikiliza. Sasa mmoja amegeuka. Yuko chini ya mikono yake, kichwa nusu kimenyolewa, anangoja jibu, na atalifuata. Mzee alitamani mtu mwingine aulizwe. Kwenye kioo aliona nyuso mbili zilizochoka, moja ya uzee na moja ambayo haikupaswa kuchoka bado.

"Kaa benchi, mwanangu," alisema.

Kijana aliinamisha kichwa. "Kumbe bado mlango uko wazi."

"Sikiliza. Wimbo ule ni wangu, na ulikuwa wimbo wa kijinga. Wewe hukuacha mlango wazi. Ulikuwa unapanda kushambulia kama ulivyotumwa, na kiungo wa upande wako hakuwa anarudi kukuzibia. Nilikuwa naona. Kila Jumamosi nilikuwa naona, na nilinyamaza." Akakung'uta nywele begani mwa kijana. "Winga wa kesho ungemkaba."

"Ningemkaba, baba."

"Najua. Asingekupita hata mara moja. Kaa benchi."

Kijana alitoa mkono chini ya kitambaa, akajifuta macho, akasema ni nywele. Mzee akasema ndiyo, nywele za leo ni kali. Akawasha mashine akamalizia upande uliobaki.

Jumamosi namba tatu ilivaliwa na yule kijana mbichi. Mkwe alikaa nyuma ya kocha mwenye kijiti cha meno, amevaa nguo za mazoezi, mguu ameunyoosha. Kipindi cha kwanza walijitahidi, bao halikuingia kokote, na Bucha akathubutu kununua karanga. Kipindi cha pili winga alipita mara moja, bao. Akapita tena, bao. Jukwaa likaanza: makofi mawili, "Mlango wazi!" Mzee Benchi alisimama akapiga kelele, "Nyamazeni! Mnamzomea mtoto, kiungo yuko wapi? Nyamazeni!" Waliokuwa karibu walidhani anaimba, wakaongeza sauti. Alikaa chini. Bucha alimwekea karanga kiganjani, na zikabaki hapo mpaka filimbi ya mwisho. Timu ilishuka.

Jumatatu benchi lilijaa, wengine wakasimama. Kila mtu alikuja na mkosaji wake. Wa kwanza alisema ni kocha. Wa pili alisema kocha ni kijiti tu, mtafunaji ni mwenyekiti. Wa tatu alimtaja yule kijana mbichi, na wengi wakaitikia. Mwishowe, kama ilivyo desturi ya mahali hapo, wakamgeukia mwenye kiti cha hukumu.

"Mzee Benchi, umetunyima maoni wiki nzima. Sema basi. Nani katushusha?"

Alikuwa ananyoa mteja kisogoni. Hakuinua kichwa.

"Mimi."

Walicheka mpaka mmoja akapaliwa. "Mzee, kwani ulivaa jezi wewe?" Bucha, aliyekaa mwisho wa benchi na koti lake la kazi lenye madoa, hakucheka. Alimtazama rafiki yake kwa muda, kisha akatazama viatu vyake.

Kicheko kilikuwa bado hakijaisha mjukuu wa Mzee alipotokea mlangoni, akageuka kumsubiri aliyekuwa nyuma. Mkwe alipanda ngazi polepole, mkono ukutani, mguu mzima kwanza. Kisha mmoja akaguna, na mwingine akasema kwa sauti ya kusikika, "Huyu naye Jumamosi alijificha wapi?"

Mzee Benchi alizima mashine. Kwa mara ya kwanza aliutazama uso wa mkwe wake bila kupitia kwenye kioo.

"Sogeeni hapo," aliwaambia. "Mpisheni mwanangu akae."