Maua ya Upande Usio na Jua

Maharage yakiungua hutoa harufu mbili. Ya kwanza ni tamu kidogo, inakaribia ya karanga zinazokaangwa, na mpishi aliye macho huwahi kuongeza maji na hakuna atakayejua. Ya pili ni chungu. Hiyo huingia kwenye mapazia na makoti, na hata mkifungua madirisha yote inakaa wiki nzima. Mchana mmoja wa mwezi wa tatu, katikati ya miaka ya 2010, nilitoka shule nikaikuta ile ya pili imejaa nyumba yetu ya kupanga mtaani Phillips, kusini mwa Minneapolis, Marekani. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Moshi ulikuwa umeshuka hadi usawa wa meza, na mama alikuwa ameketi karibu na jiko, mikono mapajani, akitazama dirishani. Nikazima jiko. Akageuka, akaniuliza kama nilikuwa nimekula shuleni. Hakuwa amesinzia. Alikuwa hasikii harufu yoyote, wala hakujua hali hiyo ilimwanza lini.

Sisi tulijua. Bibi, mama yake mzazi, alifariki mwezi wa kwanza katika kambi ya wakimbizi Kigoma, tulikomwacha akisubiri zamu yake ya kusafiri ambayo haikufika. Habari ilikuja kwa simu, na maziko tukayasikiliza kwa simu hiyohiyo. Wanawake wa kanisani kwetu, Wakongo na Wakenya, walikuja kukaa matanga. Walitandika magodoro sebuleni, wakaimba, wakalia mpaka sauti zikakauka. Mama hakulia. Aliwamiminia chai, akauliza nani anataka sukari zaidi. Wakasema aachwe, machozi yana siku yake. Watu walipoondoka alibaki vilevile: akaacha kazi yake ya kusafisha vyumba vya hoteli, akawa anapika, anafua, anajibu akiulizwa. Baba, aliyefanya kazi ya usiku kiwandani Fridley na kulala mchana, sasa aliogopa kulala. Alihofia nyumba itaungua naye yumo ndani. "Mama yako eko hapa," aliniambia, "lakini tulimwacha fasi ingine." Nami sikuwa na huzuni ya kumsaidia. Niliondoka kambini nikiwa na miaka mitatu, Bibi nilimjua kwa sauti ya simu tu. Nilichotaka ni mama arudi.

Daktari alimpima pua, akasema haina kasoro. Ndipo Mama Njeri alipoingia kati. Huyu alikuwa Mkenya wa kanisani kwetu, muuguzi, mkazi wa Apple Valley, mwanamke mwenye sauti kubwa na gari safi, asiyevumilia tatizo likae tu bila kusukumwa. Alisema pua nayo ni kiungo, isipopewa kazi inalala. Chini ya dirisha letu la jikoni kulikuwa na kipande cha ardhi upande wa kaskazini, kati ya ukuta na uzio wa jirani. Jua halikufika pale, na theluji ilikawia hapo wakati mitaa mingine imekwisha kukauka. Mwenye nyumba alituruhusu tupande tunachotaka. Mama Njeri akaamua pawekwe maua yenye harufu kali, ili mama akikaa pale jikoni, kila siku pua yake igongewe mlango. Mama hakukataa wala kukubali. Alisema jambo moja tu, kwamba nyuma ya nyumba ya Bibi, huko Kongo kabla ya vita, kulikuwa na ua jeupe lililoota kivulini na kunukia jioni. Jina lake halijui. Lilikuwa pale, basi.

Tulikwenda mwezi wa tano kwenye bustani ya kuuza miche, Mama Njeri akiendesha, baba kando yake akipiga miayo, mimi na mama nyuma. Muuzaji, msichana mwenye udongo hadi viwikoni, alituambia kwamba maua mengi yenye harufu hutaka jua, na yanayokubali kivuli ni machache. Akatupeleka kwenye meza iliyokuwa chini ya wavu mweusi. Mama aliinamia mche wa kwanza, akavuta pumzi, akatikisa kichwa. Wa pili, wa tatu, hivyohivyo. Kisha akanishika begani, akanisukuma taratibu hadi pua yangu ikaingia kwenye petali. "Nusa wewe," akasema. "Uniambie inafanana na nini." Nikanusa. Nikamwambia inafanana na shampuu. Uliofuata ulifanana na sabuni ya vyoo vya shuleni. Mwingine ulikuwa kama mafuta ya kujipaka ya mama mchungaji. Mama aliniuliza kama kuna unaofanana na wa kwa Bibi, nami nikamjibu kwamba sijui kwa Bibi kunanukaje. Nadhani ndiyo siku alipogundua kwamba mtu pekee aliyebaki kuijua harufu ile ni yeye, naye haisikii tena. Nililielewa hilo ukubwani. Siku ile niliona tu kwamba miguu inaniuma.

"Mama Neema, mchagua jembe si mkulima," Mama Njeri alimwambia mama akitazama saa. "Si uchukue hata mbili tu-plant, twende? Niko na shift saa tisa." Mama akachukua aina mbili. Ya kwanza ni nyinyoro ndogo nyeupe, maua yake yanainama kama kengele. Ndiyo iliyofanana na shampuu, na muuzaji alituonya tusije tukaila maana ina sumu. Ya pili ilikuwa na majani mapana, bado haijachanua, lakini aliahidi kwamba mwezi wa nane itatoa maua yenye harufu kama asali. Wanawake wa kanisani walipokuja kuona walisikitika waziwazi. Ardhi yote ile, na hakuna hata mboga ya lengalenga? Mmoja aliuliza kama tumeanza kula maua kama mbuzi. Baba alicheka, nami nikacheka kwa sababu baba amecheka. Mama alimwagilia maji. Kila asubuhi aliinama, akavuta pumzi, akanyanyuka, akaingia ndani. Mwezi wa nane maua ya pili yakachanua kweli, jikoni kukanukia kama mtu amemwaga asali, na mama akawa anakata vitunguu katikati ya harufu ile kana kwamba dirisha limefungwa. Mama Njeri akaacha kuuliza maendeleo.

Usilolijua ni usiku wa giza. Tulitoka nchi ambazo mmea ukilala chini umekufa, unang'olewa, unapandwa mwingine. Baridi ya kwanza ilipopiga mwezi wa kumi, tuliamka tukakuta majani mapana yameanguka yote, yamelegea kama mchicha uliochemshwa. Mama alitazama kupitia dirishani. Akasema, kwa sauti ileile ya kuuliza sukari, kwamba yamekufa nayo. Akavaa koti, akachukua jembe dogo, nikamfuata. Alichimba shina la kwanza, akalivuta kwa mikono yote miwili, likatoka na bonge la udongo. Mama alikulia shambani. Mzizi mzima na mzizi uliooza anaujua kwa kuugusa. Mizizi ile ilikuwa minene, myeupe, migumu, na katikati yake kulikuwa na vichipukizi vimefunga tayari. Akaifuta udongo kwa kidole. "Iko mzima," akasema. Kisha akasema tena, na safari hii alikuwa anamsema Bibi: "Nilimwacha mzima." Akaketi kwenye udongo ule wa baridi akalia. Alilia kwa sauti kubwa, kama wale wanawake wa matangani, mpaka jirani akafungua dirisha, na baba akatoka na viatu vya kazi bila soksi. Baba hakumnyamazisha. Alilichukua lile shina, akalirudisha shimoni, akashindilia udongo kwa kisigino, akasimama pale.

Mama alirudi kazini kabla ya Krismasi. Watu walisema amepona, lakini mwenye kovu usidhani kapoa: mpaka leo husikia harufu ya kahawa na petroli tu, nyingine kwa kubahatisha. Hata hivyo alirudi, na ndicho nilichokuwa nimekitaka. Siku hizi naishi peke yangu Saint Paul, kwenye fleti ambayo dirisha lake linatazama maegesho. Nafanya kazi katika nyumba ya wazee, nalipa kodi kwa wakati, najibu ujumbe wa kila mtu. Zamani mmoja wetu aliacha kusikia harufu, gari zima likajaa watu wa kumtafutia ua. Sasa kila mmoja wetu ana gari lake, na mtu anaweza kupotea miezi mingi akiwa anajibu simu vizuri. Mimi nimepotea tangu majira ya baridi. Sina kisa cha kusimulia, hakuna aliyekufa. Naamka tu, nakwenda, narudi, na ukinichoma sindano nitakwambia asante.

Jumapili iliyopita mama alipiga simu, akaniuliza kama kawaida nimekula nini. Nikamwambia wali na samaki.

"Ilikuwa na ladha?"

Hajawahi kuniuliza hivyo. Nilitaka kusema ndiyo, ni neno dogo, lakini halikuja. Kisha nikasikia funguo za gari zikiokotwa mezani.

"Vala viatu," akasema. "Niko nakuya."