Chupa Zilizosimamishwa

Juzi nilikuwa Bunda, kule Kabasa, nimejibanza kwenye duka la vinywaji nikingoja jua lipungue. Unanijua, rafiki yangu, mimi sikai mahali. Shule niliiacha mapema, na tangu hapo nimekuwa mtu wa barabara na maswali. Dirishani pa duka lile, juani kabisa, zilikuwa zimesimama chupa za divai. Kabla sijajua ninachofanya, mkono wangu ulishaanza kuzilaza.

"Dada, chupa zangu zimekukosea nini?" muuzaji akauliza.

"Zilaze, na uzitoe juani."

"Kwani zina usingizi?"

Wateja wakacheka, na mimi nikacheka. Lakini pua yangu ilikuwa imeshapata harufu ya mchanga mbichi wa stoo ya bibi. Kesho yake nikaelekea Butiama, kwenye ua wake.

Bibi, mama yake mama, alikuwa amewapikia mapadri wa misheni miaka mingi. Alipoacha kazi hakuomba kitu ila chupa chache za divai, zile zenye kizibo cha gome la mti, kwa sababu mwanawe wa mwisho, mjomba wangu, alikuwa ameingia seminari. Divai ile ingenywewa kwenye karamu ya misa yake ya kwanza nyumbani. Mpaka siku hiyo ilitakiwa izeeke vizuri, na kuizeesha ilikuwa kazi yetu, bibi na mimi.

Stoo ilikuwa chumba cha udongo chenye paa la nyasi, kimeegemea mawe makubwa upande usiopigwa na jua la mchana. Dirisha bibi aliliziba kwa gunia. Chini palikuwa na mchanga wa ziwani ulioletwa kutoka Makoko, na chupa zililala humo kwa ubavu, ili divai iguse kizibo, kisikauke kikapitisha hewa. Kila asubuhi baada ya uji wa ulezi nilichukua kibuyu cha maji nikaunyunyizia mchanga ubaki na ubaridi. Dagaa na mafuta ya taa vilipigwa marufuku mle ndani, maana divai huvuta harufu. Na tuliingia pekupeku, kwa sababu haipendi mtikisiko. "Hii inasikia kila kitu," bibi alisema, "hata ukikanyaga kwa hasira."

Mjomba akija likizo alisimama mlangoni na kututania. "Mama, watoto wenu wamelala?"

"Toka hapo mura, kijana wewe, utawaamsha!" bibi alijibu, naye akaondoka akinyata kama mwizi wa kuku, mimi nikicheka mpaka kibuyu kinanimwagikia.

Likizo moja alikwenda Murangi kuwasalimu ndugu zetu wa ziwani, akatoka nao kuvua. Mtumbwi ulionekana. Watu hawakuonekana.

Tulingoja ziwa limrudishe, halikumrudisha. Wazee wa ukoo wakasema uzikwe mgomba badala yake, kama inavyofanyika kwetu mwili usipopatikana, ili naye awe na pa kulala. Bibi akakataa. Kisha jirani yetu, mama wa ua wa pili, akaja kutuletea maziwa. Akachungulia stoo, akashika mdomo.

"We mama! Mgomba umeukataa, kumbe umeshamzika humu ndani?"

"Hiyo ni divai yake."

"Divai gani inalazwa mchangani, gizani? Isimamishe. Labda na mwenyewe atasimama huko aliko."

Alipoondoka, bibi alizichomoa chupa moja moja, akazifuta mchanga kwa khanga yake, akazisimamisha ukutani.

"Bibi, si ulisema kizibo kitakauka?"

"Kikauke."

Alijua, rafiki yangu. Hakuna aliyejua zaidi yake kwamba alikuwa anaiua ile divai. Akachukua mkaa, akachora mstari kwenye kila chupa, pale divai ilipofikia.

Kiangazi kilipopita aliniita kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu msiba. Divai ilikuwa imeshuka chini ya mstari. "Ona," alisema. "Alikuwa hapa. Amekunywa."

Leo najua kizibo kikavu kinafanya nini. Wakati ule nilijua tu kwamba bibi alichora mstari mpya, na divai ikashuka chini yake tena. Stoo ikaanza kunuka siki. Mchana kweupe, tukiwa jikoni ugali wa muhogo ukisongwa, nilisikia kitu kikimeza taratibu nyuma ya ukuta. Bibi aliacha kusonga, akatega sikio, akatabasamu. Nilipoondoka nyumbani, mlio ule nao ulinifukuza.

Bibi alizikwa nikiwa mbali. Safari hii nilikuta paa la stoo limebonyea, na jirani yule yule, sasa anatembelea fimbo, ndiye aliyenifungulia mlango. Chupa zilikuwa bado zimesimama ukutani, tupu, mistari ya mkaa ikishuka kama ngazi mpaka chini. Isipokuwa moja. Hiyo ilikuwa imelala mchangani, kwa ubavu.

"Aliilaza mwenyewe siku zake za mwisho," jirani alisema. "Nikamwambia, mama, si unamzika sasa? Akasema, 'Ndiyo. Nimechoka kumsimamisha.'"

Niligusa mchanga. Ulikuwa mbichi.

"Ni mimi huwa naumwagiaga maji," akasema, akitazama pembeni. "Ningefanyaje, mjukuu wangu? Maneno yalikuwa yangu."

Siku hizi hakuna anayelaza kitu kikamngoja mtu. Ukinunua divai leo, jioni chupa iko jalalani. Harufu ya uji wa ulezi haipo tena katika ua ule, wala anayenikemea nisikanyage kwa hasira. Jirani aliniuliza kama nitaifungua ile chupa. Nikasema hapana. Nilivua viatu, nikachukua kibuyu, nikaunyunyizia mchanga kama zamani, mpaka pale shingo ya chupa ilipoegemea. Kisha tukasimama wote wawili, tumetega sikio bila kuambizana.

Hakuna aliyemeza.