Bibi Asiyesimama

Juzi nilikuwa naosha vyombo uani kwangu hapa Ruangwa mjini, lori likapita barabarani, na vikombe vya bati vikaanza kugongana juu ya kichanja. Nikaacha kuosha. Mikono imejaa povu, macho yanachungulia kichanjani kana kwamba kuna mtu pale. Hakukuwa na mtu, bila shaka. Aliyekuwa akivigonganisha vikombe namna ile alishatutoka zamani, na kaburi lake liko kijijini Lionja.

Huyo ni Bibi yangu, mama yake mama. Nilikaa naye huko Lionja nikiwa mdogo, mama alipokwenda Dar kutafuta maisha. Kila asubuhi Bibi alisimama kwenye kichanja cha vyombo, akajishikiza kwenye fito zake, na miguu yake ikaanza kutetemeka. Mtetemo ulianzia magotini, ukashuka kwenye vigimbi, halafu kichanja kizima kikaitikia: vikombe, sahani, na kile kifuniko cha sufuria kilichokatika mkono. Mimi nilizisikia kelele hizo nikiwa bado kitandani, nikajua kumekucha na Bibi yupo. Tangu hapo sijapata kuamshwa vizuri vile.

Ajabu ni kwamba akitembea, miguu ilitulia kabisa. Akikaa pia ilitulia. Kusimama tu ndiko kulikomshinda, kwa hiyo, ukiacha pale kichanjani alipopata pa kujishikiza, hakusimama. Akikutana na jirani njiani, alimzunguka huku wakiulizana habari za nyumbani, jirani naye akigeuka kumfuata, mpaka anayechoka ni jirani. Kisimani wenzake waliposubiri zamu, yeye aliiacha ndoo yake kwenye mstari akaenda zake kuzurura mikoroshoni. Alikuwa na mwendo wa kasi, na mimi nikimkimbilia nyuma na miguu yangu mifupi. Nikimwomba anisubiri, jibu lilikuwa moja: "Mie si nti wa kusimama pahala pamoja, mke mwenzangu. Kaza miguu!" Mti kwake ulikuwa nti, kama wanavyotamka wazee wengi wa kwetu. Na mimi mjukuu nilikuwa mke mwenzake, kwa utani wa bibi na mjukuu, ingawa babu tuliyekuwa tukimgombania alikufa kabla sijazaliwa.

Kila mtu kijijini alikuwa na sababu yake ya mtetemo ule. Wapo waliosema ni salfa, ule unga tunaopulizia mikorosho, eti umemwingia kwenye mifupa. Wapo waliosema ni umande wa alfajiri. Mama mmoja alisema Bibi ana njaa na anaona haya kuomba, maneno yaliyomuudhi sana, maana alikuwa anakula ugali wa muhogo kuliko mimi na Mjomba tukiunganishwa pamoja. Mwisho Mjomba, kaka yake mama, akakata shauri. Akasema haya ni mashetani, na mashetani yanataka ngoma.

Basi ngoma ikapigwa uani kwetu tangu asubuhi hadi jua kuzama. Wanawake waliimba Kimwera, vumbi likatimka, na Bibi akaingia katikati. Jamani, Bibi alicheza! Alizunguka, alikanyaga, alitikisa mabega, na miguu ile haikutetemeka hata kidogo. Mjomba alilia kwa furaha mbele za watu. Jogoo wetu akachinjwa kuyashukuru mashetani kwa kusikia.

Kesho yake, nikiwa bado kitandani, nikasikia vikombe. Nilipotoka nje nilimkuta Mjomba amekaa na bakuli lake la uji, ameduwaa, anakitazama kichanja. Alilitua bakuli akaondoka bila kuaga. Bibi alicheka mpaka ikabidi akae chini. "Yamekula jogoo wangu, halafu yamerudi," aliniambia huku akijifuta machozi. Sisi wote tulikuwa tumeona kwamba miguu ilitulia wakati wa kucheza, na hakuna hata mmoja wetu aliyejiuliza kwa nini.

Nilimpenda mno. Hata leo nikimkumbuka, uso wake unanijia kwa upande mmoja, kwa sababu mazungumzo yetu yote tuliyafanya tukitembea sambamba. Natamani ningemtazama zaidi.

Kisha mama akarudi. Alikuwa amepata chumba hapa Ruangwa na meza sokoni, na alitaka nije nianze shule. Nililia kutwa nzima. Bibi hakulia, na jambo hilo peke yake lilitosha kunitia wasiwasi. Asubuhi ya safari tulikwenda wote watatu barabarani kungoja basi la kwenda Nachingwea mjini, ambako tungeunganisha la Ruangwa. Huku kwetu msafiri husindikizwa, na anayemsindikiza hasogei mpaka gari lipotelee kwenye vumbi. Lilipofika basi, nilipakiwa pamoja na mama. Nje, bibi za watoto wengine walijipanga wamesimama, tayari kupunga mikono. Bibi yangu alipenyeza mkono dirishani, akanishika kidevu, akasema, "Kasome." Kisha akageuka akaondoka. Alifuata barabara kwa mwendo wake wa siku zote, wala hakugeuka nyuma.

Basi lilikuwa halijaondoka. Lilikaa pale likipakia magunia ya ufuta, na mimi nikikitazama kisogo chake mpaka watu wakanizibia. Nikajiambia ana haraka ya shamba. Nikajiambia kumbe alikuwa amenichoka. Injini ilipowaka, nilifukia uso kwenye kanga ya mama na sikuuinua mpaka Nachingwea.

Bibi alifariki masika yaliyofuata, kabla shule hazijafungwa. Sikumwona tena. Na kwa miaka yote hiyo nilikuwa na uchungu ambao sikumwambia mtu: kwamba mimi nilimpenda Bibi kuliko yeye alivyonipenda.

Sasa mama ndiye mzee, nami ndiye ninayemtunza. Mwaka huu mguu wake ulianza kutikisika, nikampeleka hospitali. Daktari alikuwa mwingi wa maswali. Unatikisika akiwa amekaa au amesimama? Anatumia dawa gani? Shingo imevimba? Sukari imepimwa? Alitueleza kwamba miguu ya wazee hutetemeka kwa sababu nyingi, ndiyo maana hataki kubahatisha. Mama alikiri kwamba kwa muda mrefu amekuwa akijinunulia vidonge vya kichefuchefu dukani, na daktari akasema vidonge hivyo navyo huweza kuleta mtetemo, tuanzie hapo.

"Maana kama angekuwa anatetemeka akisimama tu," daktari aliendelea huku akiandika, "na akitembea anatulia, huo ungekuwa ugonjwa mwingine. Ni wa nadra. Wenye nao kusimama hata kidogo ni mateso, wanahisi wanaanguka. Kutembea ndiyo nafuu yao."

Mama na mimi tulitazamana. Tukatoka, tukakaa kwenye benchi la dirisha la dawa.

"Mama," nikamwambia, "kumbe ndiyo maana siku ile hakuweza kusimama kuniaga."

"Siku gani?"

"Ulipokuja kunichukua. Aliondoka kabla ya basi."

Mama alinigeukia. "Aliondoka kwenda wapi? Alitangulia mbele. Alikuwa anakusindikiza, mwanangu. Tulimkuta mbali, ameshapita darajani, bado anatembea pembeni ya barabara. Basi lilipompita akapunga mkono, huku anatembea. Akapunga, akatembea, mpaka vumbi likamfunika. Ina maana hukumwona?"

Sikumwona. Bibi alijua kwamba pale kituoni miguu yake isingempa hata dakika ya kuniaga, akaamua kunisindikiza kwa kutembea, jambo pekee ambalo miguu hiyo ililiweza. Mtoto wa umri wangu alijua namna moja tu ya kuagwa, ile ya kusimama na kupunga. Nimelia miaka yote hii kwa ajili ya kisogo, na kumbe alikuwa ananitangulia ili anione tena.

Jina la mama likaitwa dirishani. Nilimshika mkono, nikamwomba kwanza aniambie alikuwa upande gani wa barabara. Akaniambia. Nikamwomba aniambie alipunga mkono upi.