Majitu Mawili Uwanja Mmoja

Saa kumi kasorobo alasiri, Idi Mosi. Nyuma ya hema la turubai, pembezoni mwa viwanja vya Mnazi Mmoja, Ahmada Jaku anatanguliza mguu wa kulia ndani ya suruali ya ngozi bandia ya rangi ya fedha, huku amebana pumzi kama mtu anayeingia maji ya baridi. Mkewe, Bi Biasha, anapambana na zipu ya mgongoni.

"Kaza tumbo, Baba Tahiya."

"Nshakaza."

"Basi limekushinda. Mwaka jana zipu hii ilikuwa inapanda yenyewe."

Kofia ya pikipiki iliyobandikwa pembe utosini inafuata, kisha macho mawili ya plastiki ya njano. Mwisho kabisa Ahmada anabonyeza swichi aliyoificha ndani ya glavu. Kifuani, taa nyekundu ya nyuma ya Vespa inawaka na kuzima, inawaka na kuzima. Ameridhika. Anaizima na kutoka nje.

Siku nyingine zote za mwaka Ahmada, mwenye umri wa miaka hamsini na sita, ni fundi makochi Jang'ombe. Siku nne za Idi yeye ni Jitu la Fedha, shujaa mrefu kuliko minara anayeshuka kutoka nyotani kuwapiga madude yanayobomoa miji. Mtoto anayetaka kupiga naye picha hutoa shilingi mia tano katika pesa zake za mkono wa Idi, na siku hizo nne humlipia Ahmada kodi ya banda lake kwa miezi miwili.

Jitu lenyewe ni la Wajapani. Ahmada alilikuta Michenzani, ghorofa ya tano, akiwa na miaka kumi na mitano, baada ya jirani yao baharia kurudi safari na kanda za video. Sebule ilijaa mpaka watu wakakaa dirishani. Kijapani hakuna aliyekijua.

"Lakini taa ile ya kifuani haikutaka mkalimani," anasema. "Ikianza kumeta, ujue nguvu zinamwisha. Akichelewa kuondoka, anakufa. Watu wazima na ndevu zao walikuwa wanalia pale."

Miaka mingi baadaye alipobakiwa na mabaki ya ngozi ya makochi ya hoteli moja, hakuwaza mara mbili. Alijishonea Jitu, na taa akaipa kazi. Ndani ya vazi lile joto ni la tanuri. Kila anapohisi kichwa chepesi, Ahmada hubonyeza swichi. Watoto wakiona taa inameta hupasua kundi katikati, wakapiga kelele "Njia! Njia!", na Jitu hupita mpaka hemani, ambako Bi Biasha humngoja na ndoo ya maji. Mtoto wa mitaa ya Ng'ambo anaijua sheria hiyo kabla hajajua kufunga viatu.

Jitu bila adui ni mtu aliyevaa kochi tu. Adui alikuwa Suhail, fundi rangi wa nyumba kutoka mtaa wa Amani, mrefu kama mlingoti. Kwa miaka kumi na moja Suhail alivaa magunia na kuwa Dude, na kwa miaka kumi na moja Ahmada alimpiga mbele ya watu.

"Yule alikuwa anajua kuanguka," anasema Ahmada, kwa fahari ya mtu anayesifu mali yake. "Anayumba, anatia mkono wa kulia chini kwanza, halafu bega, halafu puu! Unguja nzima huna wa kuanguka kama Suhail."

Mambo yaliharibika mwaka huu, Wajapani walipolifufua Jitu la zamani katika filamu mpya. Kabla ya Ramadhani kuandama, watoto wa mjini walikuwa wameshaliona kwenye simu za kaka zao. Ni lilelile, lakini jembamba, linang'aa kama samaki aliyetoka majini sasa hivi, halina hata mshono. Na kifuani halina taa.

Ahmada alilitazama kwenye simu ya binti yake, Tahiya. "Nikamuuliza, taa iko wapi? Akanambia, Baba, hili jipya halina. Nikamwambia, basi litakufa."

Ramadhani hiyo Suhail hakuja kufanya mazoezi baada ya tarawehe, kama ilivyokuwa ada yao. Alituma salamu kwamba kazi zimemzidi. Ahmada alikuja kuzijua kazi hizo Idi Mosi ileile, alipotoka hemani na kukuta watoto wote wamempa mgongo.

Karibu na bembea lilisimama Jitu jipya, jembamba, vazi lililoletwa kutoka Maskati na ndugu yake Suhail.

"Uso sikuuona, ila miguu ile niliijua," anasema Ahmada. "Miguu niliyoiangusha mwenyewe mara ngapi!"

Jioni walikutana kwa muuza urojo, wote wawili wamevua vichwa vyao na kuvishika kwapani.

"Shikamoo, Kaka Ahmada. Idi njema."

"Marahaba. Dude langu liko wapi?"

"Nimelipumzisha."

"Nani kakupa ruhusa?"

Suhail aliweka bakuli chini. "Kaka, miaka kumi na moja nnaanguka. Mama yangu akija hapa watu wanamuuliza, mwanao yupi? Anawajibu, yule anayelala chini. Na miye nataka nisimame mara moja anione."

"Haya, simama," alisema Ahmada. "Tutaona utasimama mpaka lini."

Idi Pili ilikuwa mbaya zaidi. Foleni ya Suhail ilizunguka bembea. Ya Ahmada haikuwa foleni. Kibinti kimoja chenye gauni jipya la waridi kilimwendea, kikamkagua kutoka kofia hadi viatu, kikauliza kwa heshima zote: "Babu, wewe ndiye baba yake lile?"

Usiku ule Ahmada hakugusa chakula. Alikaa barazani akilitia vazi lake kasoro moja moja: mshono huu, mkunjo ule. Kisha akaligeukia la mwenzake. Mpira mtupu. Halina utu. Hata kutembea kwake ni kwa mtu anayekwenda benki.

"Umekuwa mke mkubwa aliyeletewa mwenza," Bi Biasha alimwambia.

"Afadhali mwenza. Mwenza ana zamu."

"Wivu utakuunguza, Baba Tahiya."

"Uniunguze. Joto nshalizowea."

Idi Tatu jua liliwaka tangu asubuhi. Ahmada, asiye na wa kupiga naye picha, alikuwa na nafasi ya kumtazama mpinzani wake, na alimtazama kwa jicho lisilopepesa. Watoto walikuwa wamembana Suhail pande zote. Alinyanyua mkono kuwaomba wampishe. Wakadhani ni mkao wa kwenye filamu, nao wakanyanyua mikono yao. Akanyanyua tena. Wakashangilia. Hakuwa na ishara waliyoijua.

Kisha akayumba, na uwanja mzima ukapiga makofi.

Ahmada peke yake hakupiga. Alikuwa akiungoja ule mkono wa kulia utangulie chini.

Haukutangulia. Suhail alikwenda chini kwa kifua, kama gunia lililokatwa kamba.

"Nisiwadanganye watu," anasema Ahmada. "Kwanza nilisema, ewaa, acha alale, ndipo mahali pake. Halafu nikaona hanyanyui hata kidole. Anguko lile halikuwa lake. Lake nalijua."

Alivivua viatu vyake vya soli ya mbao na kukimbia. Watoto walipoona Jitu la zamani linalirukia jipya, wakazomea. Bisi zikamnyeshea. "Muacheni! Jitu zee lina wivu!" alipiga kelele mmoja, na Ahmada anakiri kwamba mtoto yule hakusema uongo. Alijaribu kuwaambia mtu anakufa, lakini ndani ya kofia ile sauti ilitoka kama ngurumo, wakazidi kufurahi.

Hapo akakumbuka. Aliing'oa taa kifuani pake pamoja na kipande cha ngozi, waya zikining'inia bila kukatika, akaiweka juu ya kifua cha Suhail na kubonyeza swichi.

Nyekundu. Ikazima. Nyekundu.

Kelele zilikatika. Halafu sauti moja ndogo ikasema, "Njia!" Na nyingine. "Njia! Njia!" Kundi likapasuka katikati mpaka hemani, kama wanavyofanya miaka yote, na vijana wawili wa bembea wakamsaidia Ahmada kumbeba mwenzake.

Bi Biasha alimaliza ndoo nzima. Suhail alipofumbua macho alimkuta Ahmada amemwinamia, kifua chake kina tundu.

"Kaka... nimeangukaje?"

"Vibaya," alisema Ahmada. "Aibu tupu. Nimekufundisha hivyo?"

Mama yake Suhail, Bi Zeyana, alikuwa ameshafika mlangoni mwa hema, buibui limejaa vumbi. Alimshika Ahmada mkono wa glavu na hakuuachia kwa muda.

Daktari alimwamuru Suhail alale nyumbani. Idi Nne Ahmada alikuwa na uwanja wake peke yake, na mtu angetaraji afurahi. Hakufurahi. Mtoto mmoja baada ya mwingine alimwendea na swali lilelile: lile jipya liko wapi? "Nimemwokoa miye," anasema, "na bado wanamuulizia yeye."

Sasa Idi imekwisha na makochi yamerudi bandani Jang'ombe. Ukutani limetundikwa vazi la Suhail, limeletwa na mwenyewe kwa miguu yake. Kifuani, kwenye mpira ule usio na mshono, Ahmada ametoboa tundu na kutia taa ya Vespa. Ameshona pembeni yake kwa mkono, na mshono unaonekana.

Wamekubaliana zamu. Idi Mosi na Idi Tatu, Jitu ni Ahmada. Idi Pili na Idi Nne, ni Suhail. Asiye na zamu anakuwa Dude. Bi Zeyana ameshaambiwa siku za kuja.

Ndiyo maana juu ya meza ya kukatia kuna ngozi ya kijani, ya magamba, na mkia wa mpira wa ndani wa tairi la lori. Si magunia tena. Ni Dude la kimo cha Ahmada, amelipima mwilini mwake mwenyewe.

"Atakupiga mbele za watu huyo," Bi Biasha anamtania, akimpa chai.

"Anipige. Kuanguka nshakutazama miaka kumi na moja, nakujua kuliko yeye."

Ahmada anauma uzi kwa meno, ananyanyua kichwa cha Dude na kukigeuza kwenye mwanga wa mlango. Puani ameacha matundu mawili ya kutolea moshi, na macho yatawaka, moja baada ya jingine.

"Idi Pili waje na Suhail wao, wamshangilie watakavyo," anasema. "Nnamuomba Mungu kitu kimoja tu. Nikiingia miye, wamsahau."