Kisanduku Nilichofukia Nyuma ya Bafu

Leo vijana wa pikipiki wa hapa Alunguli wanamuita bwana yangu Gédéon "Docta". Pikipiki kuukuu ikikataa kuwaka, wanamuletea, naye anaiundia kisanduku cha kuwashia kwa vipande vya redio zilizokufa. Wanamusifu mpaka basi! Mimi nawapa kiti, naingia jikoni. Ile harufu ya waya unaoungua naichukia, acha niseme.

Cha kwanza alikiunda wakati wa vita, na kosa njo langu. Siku zile, pikipiki yako ikiwaka si yako tena. Wenye bunduki wanaichukua. Mimi njo nilimwambia, "Baba Déborah, toa kile kisanduku kinachopeleka cheche kwenye buji ya injini. Wapige teke la kuwasha mpaka wachoke, wataiacha." Akakitoa. Nikakifunga ndani ya sashe ya plastiki, nikakifukia nyuma ya bafu. Nyuma ya bafu, jamani! Mahali maji yanapita kila siku! Ujinga gani ule?

Miezi mitatu baadaye, Déborah wetu, mutoto wa miaka sita, malaria ikamupanda kichwani. Macho yakageuka, meno yakajikaza. Risasi zilikuwa zinalia ng'ambo ya muto, hakuna mutumbwi uliokubali kuvuka kwenda hospitali. Tukasikia dawa ya kinini iko kwenye zahanati moja, kilomita thelathini, njia ya Kalima. Tukafukua kisanduku. Kilijaa maji, nyaya zimeoza.

Gédéon hakunigombeza. Alipasua redio yetu na televisheni ya jirani yetu Henri, akachagua vipande, akatia musumari kwenye makaa mpaka ukawa mwekundu, akaanza kuchomelea. Akapiga teke: kimya. Akafungua, akaunganisha upya. Akapiga tena: injini ikamurudishia teke, nusura imuvunje muguu. Cheche ilikuwa inakuja kabla ya wakati wake. Nami nikawa namupigia kelele, "Fanya haraka! Mutoto anakwisha!" Kana kwamba hakuwa na masikio. Jua lilikuwa utosini ilipowaka. Akaondoka bila viatu.

Saa tisa Déborah akanyamaza. Nilimutikisa, nikamuita, nikamutikisa tena. Yoo, mama wee! Zainabu, muke wa Henri, akamutoa mutoto mikononi mwangu, akamufunika kitenge mpaka usoni.

Jua likielekea kushuka, tukasikia pikipiki kwa mbali. Majirani wa barabarani walikuwa hawajapata habari. Walitoka wakapiga vigelegele. Gédéon aliingia uani, vumbi tupu. Hakuzima injini, aliogopa isiwake tena. Aliinua pakiti ya kinini, anacheka, anapaza sauti juu ya ule mulio:

"Mama Déborah, imewaka! Imewaka mpaka hapa!"

Nikamwambia azime.